Wikio Halishuki Njiani

Ujumbe wa Mama Mdogo ulinikuta Dar es Salaam, juu ya flaiova, gari zimesimama mbele na nyuma na dereva wangu ameshazima injini kwa hasira. "Wikio lishashushwa. Fundi kasema halitengenezeki tena, litakuja kuua mtu." Basi. Hata hujambo hakuniandikia. Nikausoma tena, nikaanza kulia, nami si mtu wa kulia mbele ya watu. Dereva akanitazama kwenye kioo chake, akaniuliza, "Dada, umefiwa?" Nikamwambia hapana, nimeingiwa na vumbi. Ningemwambia nini? Kwamba nalilia kijisakafu kibovu na kuta mbili za chokaa?

Mliozaliwa Mji Mkongwe hamna haja ya kuelezwa, lakini wengine niwaeleze, maana siku hizi naona hata watoto wa mjini hawalijui. Wikio ni chumba chembamba kilichojengwa ghorofani, juu ya njia, kuunganisha nyumba mbili zinazotazamana. Lilijengwa ili wanawake wa nyumba hii waende nyumba ile bila ya kushuka chini wala kutafuta buibui. Letu lilikuwa na vidirisha viwili vya mbao, kimoja kila upande, na lilinuka chokaa mbichi hata wakati wa jua kali. Ukisimama humo unawasikia watu wanaopita chini yako, wanagombana, wanasengenyana, wanakokota mikokoteni, wala hawajui kama upo.

Upande huu ilikuwa nyumba yetu, ya ukoo wa baba yangu. Upande ule nyumba ya Bibi, mama yake mama yangu. Baba alimuoa jirani yake wa ng'ambo ya kichochoro, na watu walikuwa wakimtania kwamba ndiye bwana harusi pekee Unguja nzima aliyekwenda kuoa na ndara za chooni, asitie mguu njiani. Alikuwa akicheka kila wakimwambia, na mimi nilikuwa nikicheka kwa kumuona yeye anacheka.

Kisha akafa. Aliondoka asubuhi kwenda kazini, na mchana wakamrejesha amelala. Nilikuwa darasa la nne. Mama akaingia eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane kukaa ndani, na nyumba ikageuka nyumba nyengine. Hakutoka, hakujitia hina, hakufukiza udi, na mimi ambaye nilizoea kuamka na harufu ya udi nguoni mwa mama yangu nikawa naamka sinusi kitu. Harufu moja tu ilibaki mikononi mwake, mafuta ya karafuu, kwa sababu kila alasiri alivuka wikio kwenda kumkanda Bibi miguu.

Bibi alikuwa kitandani tangu kabla Baba hajafa. Miguu ilimkataa, kisha na kifua kikaanza. Mama Mdogo Zuhura, mdogo wake Mama, ndiye aliyekuwa akikaa naye, lakini Bibi alimtaka Mama. Aliyekuwa akimkanda vizuri ni Mama, uji aliokubali kuunywa ni wa Mama, na mara moja nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Wewe ndiye utakayenifumba macho, sio mwengine." Mama akamjibu, "Mimi, mama. Nimekuahidi." Nikaona ni mazungumzo ya ajabu kwa watu wanaokunywa chai.

Sasa akaja Shangazi Nasra. Huyu ni dada yake Baba, mkubwa wake, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Alikuja kutoka Fumba na mkoba wake mmoja kukaa nasi mpaka eda ya Mama iishe. Nataka nimseme kwa haki, kwa sababu kwa miaka mingi sikumsema kwa haki. Alipika, alifua, alinisuka nywele kwa mkono mwepesi kuliko wa Mama. Na nilimkuta siku moja amekaa juu ya kitanda cha Baba, ameishika kanzu yake chafu, ile ambayo ilikuwa haijafuliwa, amejifunika nayo usoni. Hakuniona, na mimi nikarudi kinyumenyume.

Lakini siku ya kwanza tu alipomuona Mama anafungua mlango wa wikio, alisimama.

"Wifi, wapi huko?"

"Kwa mama, wifi. Saa ya kumkanda."

"Ndiyo unatoka hivyo?"

"Natoka wapi? Si nimo ndani!"

"Chini yako wanapita watu na punda," Shangazi akasema. "Mtu akisimama mahali na chini yake ni njia, yupo njiani. Hiyo eda au mchezo?"

Mama akadhani ni utani. Shangazi hakuwa anatania. Ami, mdogo wao wa kiume, akatumwa kwenda kumuuliza shehe, akarudi na jibu kwamba mwenye eda akiwa na haja anaweza kutoka mchana, hapana ubaya. Sisi tukafurahi. Shangazi akauliza, "Haja ipi? Zuhura si yupo anamuuguza?" Basi ugomvi ukaanza upya, sasa haja ni nini, na nje ni wapi. Ami akasema yeye ana kazi zake, akavaa viatu akaondoka. Wanaume wa kwetu bwana!

Nyumba ya pembeni, chini kabisa, alikaa Bi Kauthar. Kiti chake kilikuwa mlangoni tangu asubuhi, na kila kilichopita mtaani kilipita kwanza machoni mwake, kisha kinywani. Mama alimwogopa Bi Kauthar kuliko alivyomwogopa Shangazi. Nyumba tuliyokaa haikuwa ya Mama, ilikuwa ya ukoo wa mumewe, na alijua kwamba likitoka neno moja tu, kwamba mke wa marehemu anazurura kabla kaburi halijakauka, neno hilo litamfuata mpaka na yeye azikwe. Kwa hivyo Shangazi alipotia kufuli kwenye mlango wa wikio, Mama hakubishana. Ufunguo Shangazi akaufunga katika pindo la kanga yake. Na kabla ya kuondoka pale mlangoni alisema jambo ambalo Mama alilisikia akalimeza, lakini mimi sikuweza kulimeza.

"Kila hatua unayotia nje, wifi, ndugu yangu anaisikia huko aliko."

Mimi niliyachukua hayo kama yalivyo. Baba amezikwa Mwanakwerekwe, nilijua. Kichochoro chetu kinatokea njia kubwa, njia kubwa inakwenda Darajani, Darajani unakwenda Michenzani, na Michenzani barabara inateremka mpaka Mwanakwerekwe, mpaka kwa Baba. Njia zote zimeshikana kama uzi mmoja, ukivuta huku kunatikisika kule. Nikaelewa kwamba Mama akikanyaga njia, njia yoyote ile, kishindo chake kinasafiri chini kwa chini mpaka kinamfika Baba kichwani, na Baba anaumia. Nilianza hata mimi kutembea kwa vidole nikienda skuli. Sikuwa na eda, lakini nilisema bora niwe mwangalifu.

Swali langu likabaki moja. Je, wikio nalo limeshikana na njia nyengine? Kama limeshikana, basi Baba alikwisha kuumizwa kila alasiri tangu azikwe, na haki ilikuwa ya Shangazi. Kama halikushikana, Bibi anateseka bure. Sikuwa na wa kumuuliza. Mama alikuwa halali vizuri, na Shangazi ndiye mwenye ufunguo.

Mtakumbuka, wenzangu wa rika langu, tulivyokuwa tukisukumwa tuisheni ya Kiingereza baada ya skuli, umechoka, tumbo linakunguruma. Yangu ilikuwa Michenzani, chumba cha chini katika yale majumba marefu ya ghorofa. Alisomesha Ticha Neema, mtu wa bara, mwembamba, mwenye sauti ya kufika nje. Nilimpenda na nilimwogopa. Wiki ile ile tulifika somo la barabara. Aliandika ubaoni yote kwa mstari: road, street, lane, alley, avenue, highway. Akatufafanulia. Street ina nyumba na maduka huku na huku, lane ni nyembamba, alley ni nyembamba zaidi, avenue imepandwa miti pembeni, highway ni pana na ndefu na haina mchezo. Sisi barabara pana tuliyoijua ni hiyo hiyo iliyokuwa nje ya dirisha, tukakubaliana kwamba highway ni Michenzani. Vichochoro vyetu vyote vikawa alley, na mtoto mmoja akalalamika kwamba Wazungu wametupa jina la mwisho.

Halafu akaandika mstari wa pili: bridge, footbridge, overpass, flyover. Akasema hizi ni za juu, zinapita juu ya kitu. Akachora. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona flyover kwa macho, na nilipoambiwa "fly" ni kuruka nikaamini gari zikifika pale zinaruka. Lakini sikucheka na wenzangu. Nilikuwa nimeukodolea macho mchoro wa overpass, njia juu na njia chini, na baina yao hewa tupu. Hazikugusana!

"Samira, nipe mfano wa overpass."

"Nyumbani kwetu, Ticha."

Darasa zima likaangua kicheko. Ticha akagonga meza, akaniambia nieleze. Nikamweleza, nyumba mbili, kichochoro chini, sisi tunapita juu.

"Kwa miguu?"

"Naam."

"Basi hiyo ni footbridge. Daraja la waendao kwa miguu."

"Footbridge nayo ni njia, Ticha?"

"Ni njia, ndiyo. Njia iliyonyanyuliwa tu. Unapanda ngazi huku, unavuka, unashuka kule, unaendelea na safari yako."

Ni njia. Mtu mzima amesema, tena kwa Kiingereza, na Kiingereza katika akili yangu ya wakati ule kilikuwa kitu kisichokosea. Nikamuona Baba amejiziba masikio. Nadhani nilikuwa nakaribia kulia, kwa sababu Ticha alinisogelea akapunguza sauti.

"Kwani ngazi zake za kwenu zinashukia wapi?"

"Halina ngazi."

"Ukifika mwisho unatokea wapi?"

"Chumbani kwa Bibi."

"Na huku?"

"Ukumbini kwetu."

Ticha akatazama ubao, akatazama michoro yake. "Overpass inashuka barabarani," akasema, kama anajisemesha mwenyewe. "Flyover inashuka barabarani. Footbridge inashuka. Zote mwisho wake ni barabarani. Hiyo ya kwenu mimi sina jina lake, Samira. Kaa chini."

Nikakaa, lakini hamjui nilikaa na furaha gani. Halishuki! Zote zinashuka, wikio halishuki! Uzi umekatwa huku na umekatwa kule, Baba hawezi kusikia kitu. Nilirudi nyumbani nakimbia, na sikukumbuka kukimbia kwa vidole.

Shangazi alikuwa amekaa ukumbini anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, bila hata ya shikamoo. Barabara zote za juu za Wazungu zinashuka njiani, wikio halishuki njiani, kwa hivyo si njia, kwa hivyo Mama akivuka Baba hatosikia, kwa hivyo fungua.

Mikono yake ikasimama ndani ya mchele.

"Nani aliyekwambia baba'ko anasikia?"

"Wewe."

Akasema kwa ukali, "Hao Wazungu wenyewe hawana wikio, wana lipi la kutwambia sisi? Mwana we, usinighasi. Nenda kavue nguo za skuli." Lakini nilipogeuka niliona mkono wake umekwenda kwenye pindo la kanga, kwenye lile fundo, na ukabaki hapo hapo.

Hakufungua. Nilimchukia, nasema kweli. Nilimchukia siku zile kwa chuki ambayo mtoto hafikiriwi kuwa nayo.

Mama sasa alizungumza na mama yake kwa simu. Nyumba mbili zinatazamana, ukinyoosha mkono dirishani unakaribia kugusa, na wao wanapigiana simu. Mama aliiweka sikioni, na Bibi alipokohoa tulikuwa tukimsikia mara mbili, kwenye simu na kwenye dirisha. Kila siku kikohozi kilikuwa kirefu zaidi na maneno machache zaidi. Baadaye Mama Mdogo ndiye aliyekuwa akiongea, Bibi anakoroma nyuma yake. Mama alikuwa akimaliza simu anakwenda kusimama mbele ya mlango wa wikio, anaweka kiganja juu ya ubao, haondoki.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya adhuhuri. Nimetoka skuli, jua linachoma, na nyumba imenyamaza. Nikasikia miguu inapanda ngazi zetu kwa pupa. Mama Mdogo akatokeza, buibui limemkaa upande, jasho linamtiririka.

"Dada, anakuita. Tangu asubuhi hanijui mimi, hamjui mtu. Anakuita wewe tu."

Mama akainuka. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa wikio, na Shangazi akamtangulia. Akasimama ameupa mgongo mlango.

"Wifi, nifungulie."

"Wifi, usinitie mtihanini, nakuomba."

"Mama yangu anakufa."

"Na ndugu yangu ameshakufa!" Shangazi akapiga ukelele, sauti ikampasuka. "Mimi sikuwahi kumfumba macho! Nilikuja nikakuta ameshakoshwa, ameshavishwa sanda. Sina nililomfanyia. Hii eda ndicho kilichobaki chake katika dunia hii, nawe unataka niivunje kwa mkono wangu?"

Sikuwahi kumsikia akisema hayo. Mama pia hakuwahi, niliona usoni mwake. Wakatazamana wanawake wawili wale, wote wanalia, na hakuna aliyesogea. Ng'ambo ya mlango, mbali, tulisikia sauti nyembamba inaita jina la Mama.

Mama akageuka. Akachukua buibui lake, lile ambalo lilikuwa limetundikwa tangu siku ya msiba, akaanza kulivaa.

"Dada!" Mama Mdogo akasema. "Utapita chini? Bi Kauthar yupo mlangoni kwake."

"Na awepo."

Akaelekea kwenye ngazi. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Wikio halishuki, sawa, lakini ngazi zile zinashuka! Kichochoro chenyewe kile, alley ya kweli kweli, ambayo imeshikana na njia zote mpaka Mwanakwerekwe. Mama akitia mguu pale Baba ataumia, asipotia Bibi atakufa anaita. Nikamrukia miguuni nikamshika magoti, nikapiga kelele bila ya kujua nasema nini.

"Bibi hakai eda! Bibi hakai eda!"

"Niache, mwanangu."

"Bibi eda yake ilikwisha zamani! Avuke yeye! Bibi aje huku!"

Mama Mdogo akanigeukia. "Atavukaje, mtoto we, na miguu hana?"

Shangazi alikuwa amejifuta macho kwa kanga. Akasema polepole, "Mbebe."

"Nimbebe vipi?"

"Mgongoni. Kwa mbeleko. Ana uzito gani tena, masikini?" Na vidole vyake vikawa vinapigana na lile fundo la kanga. Lilikuwa limekazwa mno, akalifungua kwa meno. "Nenda, Zuhura! Unaningoja mimi? Nenda kambebe mama'ko!"

Mama Mdogo akashuka mbio. Shangazi akatia ufunguo, ukakataa, kufuli lilikuwa limeshaanza kutu kwa ile hewa ya chokaa. Akalipiga kwa kiganja, akalipiga tena, likaachia. Mlango ukafunguka na ile harufu ikatupiga usoni. Mama akaja akasimama kizingitini, vidole vya miguu vimelingana na ubao wa mlango, wala havikupita hata unywele. Mimi nikawa nyuma yake, nachungulia pembeni ya kiuno chake.

Baba alikuwa akituambia siku zote tupite mmoja mmoja. Boriti za chini zimeliwa, akisema, Idi ikipita nitaleta fundi. Idi zilikuwa zikipita. Nilikumbuka maneno hayo pale pale nilipomuona Mama Mdogo anatokeza ng'ambo ya pili, ameinama, na mgongoni mwake, ndani ya kanga, kichwa cheupe kimelala begani mwake. Bibi alikuwa amekuwa mdogo. Nilimwacha mtu mzima, nikamuona mtoto.

"Polepole," Shangazi akasema. "Pita pembeni, ukutani."

Mama Mdogo akatia mguu. Sakafu ikalia. Akatia mwengine. Mama alikuwa ameshika miimo ya mlango kwa mikono miwili na vidole vimebadilika rangi. Walipofika katikati, chini ya dirisha, kukasikika mlio mmoja mkavu, na mguu wa Mama Mdogo ukazama ndani ya sakafu mpaka gotini. Mabonge ya chokaa yakaporomoka njiani. Kule chini mtu akapiga ukelele. Mama Mdogo akaanguka kwa mikono, fundo la kanga likalegea, na Bibi akaanza kuteleza ubavuni kuelekea lile tundu.

Mama hakuenda. Nataka mniamini, hakuenda. Alitazama miguu yake pale kizingitini, akatazama mbele, akatazama tena miguu yake.

"Unangoja nini?" Shangazi akapiga ukelele. "Nenda! Nenda mshike mama'ko!" Na akamsukuma. Kwa mikono miwili, mgongoni, kwa nguvu zake zote.

Mama akaenda. Alifika kwa hatua moja au kwa kumi sijui, nilichoona ni kwamba amepiga magoti na Bibi yumo mikononi mwake. Nyuma yake Shangazi naye ameingia, amemshika Mama Mdogo makwapani, anamng'oa kutoka kwenye lile tundu. Wanawake wanne juu ya sakafu ambayo Baba aliikataza kwa watu wawili. Vumbi jeupe limewafunika wote. Bibi akafumbua macho.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

"Nipo, mama. Nipo."

Niliweka sikio ukutani nikasikiliza. Nilimsikiliza Baba. Nilingoja nisikie ameumia, na sikusikia kitu chochote.

Bibi hakurudi tena nyumbani kwake. Alilala katika kitanda cha Mama, akanywa uji wa Mama, akakandwa miguu, na wiki ile ile alifariki mchana mmoja mkono wake ukiwa katika mkono wa Mama, na Mama akamfumba macho kama alivyoahidi. Nalisema sasa hivi nilimalize, maana nikilianza tena sitoweza kulimaliza. Lakini nikikumbuka wikio, ninachokumbuka kwanza ni kile kilichofuata pale pale juu, vumbi halijatulia, Bibi yumo mapajani mwa Mama na sote tunahema.

Sauti ikapanda kutoka chini, kali, ya mtu aliyeinua kichwa.

"Hee! Nyie huko juu! Kuna nini? Mwenye eda katoka?"

Mama akajikunyata. Niliona uso wake wote unaingiwa na woga upya, akamkumbatia Bibi zaidi, kama anataka kumficha na kujificha nyuma yake. Shangazi Nasra akamtazama. Akainuka, nywele zimejaa chokaa, machozi yamemchora mistari mashavuni, akalisukuma lile dirisha la mbao, akatoa kichwa nje mpaka mabega.

"Nani katoka, Bi Kauthar?" akasema. "Sote tumo ndani."